Tulipoezeka Jiko kwa Bati

Mimi ni mwalimu wa miaka mingi na simwogopi mtu. Nimegombana na wakaguzi, nimegombana na wazazi waliokuja shuleni na fimbo, na mkuu wangu wa shule ananijua: nikisema hapana, ni hapana. Lakini wingu la mvua naliogopa. Likianza kujikusanya, hata kama niko kwangu Unyambwa, nguo nimeshazianua na mbuzi nimeshawafungia, naingia chumbani na kufunga mlango. Watoto wangu wananicheka. Wanasema, mama, watu wa Singida wanaililia mvua, wewe unaikimbia! Sijawahi kuwaeleza vizuri. Nikianza kueleza naacha katikati, naenda kuosha vyombo.

Shule yenyewe iko wilaya ya Ikungi, kijijini, mbali na lami. Nilikuwa nakaa huko wiki nzima, Ijumaa narudi nyumbani. Sitaitaja jina, wala sitamtaja mtu, kwa sababu hakuna aliyefanya ubaya. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba siku ile kila mmoja wetu alifanya jambo alilofundishwa kuwa ni jema.

Tulikuwa na kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum. Kitengo ni neno kubwa tu. Kilikuwa darasa moja, watoto saba na mwalimu mmoja, mimi. Kati ya hao saba alikuwapo msichana wa miaka tisa mwenye usonji. Hakuwa anaongea. Alikuwa na sauti yake ya puani, mmm, mmm, inapanda na kushuka, na ukiisikia ujue siku ni nzuri. Alipenda vizibo vya soda, akivipanga mstari mmoja sakafuni, na ukikisogeza kimoja tu utajuta kuzaliwa. Kabla hajakaa karibu na mtu alimnusa kiganja kwanza. Shikamoo hakumpa mtu yeyote, na kijijini kwetu hilo ni kosa linalosamehewa baada ya wizi wa kuku. Wazee walikuwa wanamtazama mama yake kama vile yeye ndiye aliyemkataza.

Na alikuwa anakimbia. Sauti kubwa ikimshtua anaziba masikio, macho yanamtoka, na miguu inaondoka. Hatazami barabara wala mwiba. Mwaka wa kwanza alishatoroka mara mbili. Mara ya kwanza tulimkuta katikati ya shamba la alizeti, amechuchumaa. Mara ya pili alikuwa amefika lamboni, ametulia ukingoni anayaangalia maji. Lambo letu ni la kunyweshea ng'ombe, lilichimbwa na katapila zamani. Ukingo unateremka polepole, mtoto anaweza kutembea hatua nyingi maji yakiwa kiunoni, halafu katikati kuna shimo. Wachungaji wanasema ng'ombe akifika pale hapati pa kukanyaga. Kwenye kozi walituambia watoto wengi wa aina hii wanavutwa na maji. Mimi niliandika hilo kwenye daftari nikapiga mistari miwili chini yake, na usiku huo sikulala vizuri.

Mama yake alikuwa mwanamke kijana, analima vitunguu na alizeti peke yake. Baba wa mtoto alikwenda machimboni na huko huko akaoa. Kabla ya kumleta shule, mama alikuwa anamfunga mtoto kwa kanga kwenye nguzo ya nyumba ili apate kulima. Aliniambia mwenyewe siku ya kumwandikisha, macho chini, akisubiri nimseme. Sikumsema. Nani angemsema? Halafu akasema, "Mwalimu, mimi sina mwingine. Huyu akinifia, na mimi nimekwisha." Hakulia. Alisema tu, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Mimi nikabaki na mtoto na yale maneno.

Sasa, mambo ya mafunzo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehudhuria kozi ya usonji wiki mbili mjini. Wiki mbili, jamani! Fundi baiskeli anajifunza muda mrefu kuliko huo. Niliporudi, mkuu akaniita ofisini. "Madam, wewe ndiye umesoma. Utufundishe na sisi, maana siku ukiumwa tutafanyaje na yule mtoto?" Lilikuwa swali la busara, na mimi nilitaka kukataa. Niliogopa. Niliona nikikosea neno moja, hawa watu wazima kumi na mmoja watalichukua hilo kosa na kulitenda juu ya mtoto asiyeweza kusema anapoumia. Lakini nikakubali, kwa sababu nilimwogopa zaidi yule mwalimu ambaye hajui chochote.

Tukakaa siku tatu za likizo katika darasa la tatu. Nilibandika karatasi kubwa ukutani. Niliwafundisha kutumia maneno machache halafu kusubiri, kuhesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Nikawaambia wasimshike kutoka nyuma. Wasimlazimishe kumtazama mtu machoni. Tulichora picha za ratiba ya siku, uji, darasa, choo, kucheza, nyumbani, ili ajue kinachofuata. Siku ya kwanza mwalimu wa nidhamu alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, akanyoosha kidole. "Madam, na sisi tulilelewa kwa fimbo. Mbona tumekuwa watu?"

Wote wakacheka. Damu ikanipanda. "Nani amekuambia umekuwa mtu?" nikamjibu.

Wakacheka hadi wengine wakashika meza. Na yeye akatabasamu kidogo, lakini mikono haikutoka kifuani.

Kwa hiyo siku ya pili nikawatengenezea dawa. Niliwaambia wavae masweta nje-ndani, na kila sweta nilikuwa nimelibandika kishona nguo shingoni, zile mbegu nyeusi zinazonasa. Nikawapa hesabu za kugawanya za darasa la sita. Halafu nikawasha redio mbili, kila moja na stesheni yake, sauti mpaka mwisho, na mama mpishi nilimwomba asimame mlangoni agonge sufuria kwa mfuniko. Mama mpishi alifurahi sana na kazi hiyo. Alikuwa anagonga na kucheza. Mimi napita katikati ya madawati nikiwasemesha kwa ukali: andika vizuri, nitazame, nimesema nitazame!

Dakika nne hazikufika. Mwalimu wa nidhamu alisimama, akalivua sweta kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka, akapiga kelele, "Zimeni! Zimeni hizo!" Macho yalikuwa mekundu. Nikazima. Darasa likawa kimya, tukasikia kuku wanaparua nje. Akakaa taratibu, akajifuta shingo, akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule binti yuko hivi kutwa?"

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Nadhani."

Tangu siku hiyo fimbo yake haikuonekana karibu na darasa letu. Mama mpishi aliuliza, kwani ile ilikuwa nini, ngoma gani ya kugonga sufuria? Lakini chai ilikuwa imefika, chapati zinapoa, na hakuna aliyemjibu. Baadaye nilimwambia tu kwa kifupi kwamba mtoto anachukia kelele. Nikaona inatosha.

Jambo kubwa tulilopanga siku ya tatu lilikuwa mvua. Madarasa yetu yote ni ya bati, bila dari. Mvua ya huku ikinyesha juu ya bati, mwalimu na mwanafunzi hawasikizani hata wakipeana masikio. Walimu wengine wanakaa wanasahihisha madaftari, mimi naingia vitani. Nyumba pekee ya nyasi shuleni ilikuwa jiko. Nyasi zinameza sauti. Kwa hiyo tukakubaliana: wingu likitanda tu, kabla ya tone la kwanza, mtoto anaonyeshwa picha ya jiko na kupelekwa kwa mama mpishi. Tulichora picha maalum, jiko na moshi wake.

Na ilifanya kazi! Msimu ule wote ilifanya kazi. Alikuwa anakaa pembeni ya gunia la unga, mvua inanyesha, yeye na mmm yake. Mama mpishi akamzoea, akawa anampa punje za mahindi badala ya vizibo. Nilikuwa nasimama mlangoni namwangalia, moyo unatulia, na polepole nikaanza kujiona mtaalamu. Hata niliwaza kwamba wa mjini waje wajifunze kwangu. Majuto ni mjukuu.

Mwezi wa tatu wazazi wakajitolea. Paa la jiko lilikuwa linavuja, nyasi zina masizi, na kila mtu alikuwa na hofu ya moto, hofu ya haki kabisa. Kamati ikakusanya nguvu, Jumamosi akina baba wakaja na nyundo, wakazishusha nyasi zote, wakapigilia bati. Jumatatu asubuhi tulilikuta jiko linang'aa mpaka unakunja macho. Mkuu akatupanga mstarini, watoto wote na walimu wote, akawashukuru wazazi waliokuwapo, akasema shule yetu inakwenda mbele. Tukapiga makofi.

Mimi nilipiga makofi. Nisiseme uongo, nilipiga na kigelegele.

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi mno. Watu kumi na wawili tuliokaa siku tatu tukiongea habari za sauti ya mvua juu ya bati, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha. Si kwamba tulimsahau mtoto. Alikuwa pale pale mbele ya macho yetu, amesimama kwenye mstari wake, ameziba masikio kwa sababu ya makofi yetu. Ni kwamba sisi tumelelewa hivyo: nyasi ni umaskini, bati ni maendeleo, na maendeleo mtu anayapigia makofi. Nani anasimama mstarini kuuliza maendeleo yana sauti gani?

Mvua ilikuja Jumatano, saa sita hivi mchana. Niliona wingu dirishani, jeusi, na chini yake weupe ambao watu wa huku wanaujua. Ni mvua ya mawe. Nilifanya kila kitu sawasawa. Nilichuchumaa pembeni yake, nikamwonyesha picha ya jiko, nikahesabu kumi. Akainuka mwenyewe. Akatangulia mbele yangu akivuka uwanja, mmm, mmm, hana wasiwasi wowote, anakwenda mahali alipotuamini. Nilimkabidhi kwa mama mpishi nikarudi mbio darasani kwa wale sita.

Mawe yalipoanza kuanguka, nilisikia kwanza bati la darasa letu. Halafu nikasikia sauti ya pili, kali, ya juu zaidi, kutoka upande wa jikoni. Bati jipya halina kutu wala majani yaliyooza ya kupunguza kelele. Hapo ndipo nilipojua. Sikuwaza, nilijua tu, nikawaacha wale sita pale pale.

Nilikimbia kwenye mvua ile bila kujifunika. Mama mpishi alikuwa amesimama katikati ya jiko, ameshika mkono wake wenye alama za meno, damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko. "Madam, nilimkumbatia!" alikuwa anapaza sauti ili nimsikie. "Alivyoanza kulia nilimkumbatia kwa nyuma asiogope!" Alikuwa analia kama mtoto. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Mvua haikuchukua hata nusu saa. Mwalimu wa nidhamu, aliyeniona nikikimbia, alikuwa ameshatoka na mimi, tunapita nyuma ya vyoo tukitafuta nyayo, tunaongea kwa ishara tu, tusimshtue. Tukaziona. Vidole vidogo kwenye tope jekundu, umbali mkubwa kati ya unyayo na unyayo, alikuwa anakimbia kweli kweli, kuelekea mashamba ya alizeti. Na nyuma ya mashamba kuna lambo. Hakuna aliyelitaja. Mwenzangu aliniangalia, tukaanza kukimbia.

Ndipo nikasikia yowe.

Lilianza getini, ni mlinzi wetu, mzee wa watu, mama mpishi alikuwa amemwambia. Huku kwetu mtu akipiga yowe, aliyelisikia analipokea na kulipeleka mbele, na wa mbele naye vilevile. Jembe linaachwa kwenye tuta, ugali unaachwa motoni, mtu anashika fimbo anakimbilia sauti iliko. Asiyeitikia yowe la mwenzake, siku yake ikifika hataitikiwa. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Nilipokuwa mdogo fisi alimchukua mtoto wa jirani, na yowe ndilo lililomrudisha yule mtoto akiwa hai. Kwa hiyo nilipolisikia likipokelewa huku, likipokelewa kule, moyo wangu wenyewe ulijaa nguvu. Kwa muda mfupi nilimshukuru Mungu kwamba hatuko peke yetu.

Halafu nikasimama pale pale kwenye alizeti. Wee! Kijiji kizima kilikuwa kinampigia kelele.

Nilikuwa nimefundisha walimu kumi na mmoja. Mlinzi sikumfundisha. Wachungaji, akina mama wa vitunguu, vijana wa bodaboda, sikumfundisha hata mmoja. Ndani ya uzio wetu tulikuwa tunanong'ona na kuhesabu kumi, na nje ya uzio kulikuwa na mamia ya watu wenye mioyo mizuri na mapafu yenye nguvu. Nilitaka kuwarudisha. Unamrudisha nani? Yowe halina mwenyewe.

Tulipotokea lamboni nilikuwa na kiatu kimoja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa kwa mvua, na yeye alikuwa ndani. Maji yalimfika juu ya kiuno. Alikuwa ametupa mgongo, viganja masikioni, viwiko vimechomoza pembeni. Hakuwa anacheza. Nilijua mgongo wake, ulikuwa umekaza. Nilimshika mwenzangu mkono, tukasimama.

Na watu wakaanza kutokea. Walitokea kwa upande wa Mungaa, kwa majirani zetu, wakatokea kwa upande wetu, na wengine ng'ambo kwenye tuta, mpaka tukamzunguka kama tunavyozunguka mnyama. Kila aliyemwona alipaza sauti. "Yule! Yule pale! Yuko majini!" Na kila sauti ilipopanda, yeye alipiga hatua moja mbele. Niliona kwa macho yangu. Kelele, hatua. Kelele, hatua. Maji yakafika kifuani.

Mama yake alifika akikimbia kutoka shambani, tope mpaka mapajani. Hakuna aliyepiga kelele kumshinda. Alikuwa anamwita mwanawe kwa jina, anaita tena, anachanganya Kiswahili na Kinyaturu, anamwita rudi, rudi, rudi kwa mama. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia zaidi ya zote. Mtoto akapiga hatua mbili.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Nyamazeni, mnamsukuma!" Na mimi sasa nikawa kelele juu ya kelele. Hakuna aliyenisikia. Vijana wawili walikuwa wanavua mashati. Mmoja alishaingiza miguu. Wakimrukia, atakwenda mbele, na mbele ni shimo. Mwalimu wa nidhamu akamdaka yule wa kwanza kiunoni, wakaanguka wote kwenye tope, na watu wakaanza kumtukana mwalimu kwamba anataka mtoto afe.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Hata nilipokuwa najifungua kwa upasuaji sikuogopa hivyo. Nilitaka kukimbia, niseme kweli. Nilitaka nigeuke niingie kwenye alizeti, mtu mwingine aje aone kitakachotokea.

Sijui wazo lilitoka wapi. Mimi si mtu wa sala sana. Mume wangu ni Mwislamu, mimi Mkatoliki, nyumbani kila mtu na njia yake. Lakini nimehudhuria mikutano ya hadhara maisha yangu yote, na najua neno moja ambalo Mtanzania akilisikia anasimama, hata kama alikuwa anagombana. Nikapanda juu ya tuta, nikainua mikono yote miwili, nikaita kwa sauti ya mstarini:

"Tuombe! Tusimame, tuombe! Kila mtu kwa imani yake, kimya kimya!"

Wakasimama. Naapa, wakasimama. Mlinzi akavua kofia. Wanawake wakainamisha vichwa, kanga zikapandishwa kichwani. Wazee wa Kiislamu wakafungua viganja. Yule kijana aliyekuwa anapambana na mwalimu akabaki amepiga goti kwenye tope, shati mkononi, macho amefumba. Ng'ambo ya pili wakawaona wa huku, nao wakainama. Mama wa mtoto alikuwa ameshafungua mdomo aite tena, na jirani yake akamvuta kifuani, akamkandamiza hapo. Kelele zikafa. Nikaanza kusikia vyura, na maji yanavyodondoka kutoka kwenye majani.

Mtu anayeongoza sala ndiye anayesema amina. Sikuisema.

Nikashuka ukingoni. Siogelei, Ikungi nani anajua kuogelea? Tope lilikuwa linavuta miguu. Sikumwendea moja kwa moja. Nilipita kwa upande, mbali kidogo naye, mpaka nikafika mahali ambapo angeweza kuniona kwa pembe ya jicho, na maji yakanifika tumboni. Sikumwita. Sikumtazama. Nikahesabu kumi. Nikahesabu tena kumi. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka mpaka maji yanatikisika, nikaogopa hata hayo yatamshtua. Nyuma yangu mtu akakohoa, mabega ya mtoto yakapanda, na mimi nikasema moyoni, Mungu wangu, nani anakohoa? Kimya kikarudi. Nikaendelea kuhesabu.

Kiganja kimoja kikatoka sikioni. Kikasubiri. Kikatoka na cha pili, akaviweka juu ya maji, akaanza kuyapigapiga polepole. Mimi nikageuka, nikaanza kutembea kurudi nchi kavu, hatua moja, nasubiri, hatua moja, nasubiri. Kumpa mgongo mtoto aliye kwenye maji ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia maji yanasukumwa nyuma yangu, na mkono mdogo wa baridi ukanishika kidole, ukainua kiganja changu, akakinusa.

Tulitoka pamoja. Watu walikuwa bado wameinama, ingawa wengine walikuwa wanachungulia. Mwalimu wa nidhamu, tope mpaka kwenye nyusi, akawa anapita kati yao, kidole mdomoni, anawaonyesha waondoke bila neno. Wakaondoka. Wanaume wazima wanatembea kwa vidole vya miguu kwenye tope, hawajui kwa nini, lakini wanatembea hivyo hivyo. Mzee mmoja aliponipita akaninong'oneza, "Mwalimu, hujasema amina." Nikamwambia, semeni nyumbani, baba.

Tukabaki watatu ukingoni. Mtoto alikaa kwenye tope, akaanza kukusanya magamba matupu ya konokono, anayapanga. Mama yake alichuchumaa karibu bila kumgusa, mikono ameibana kwapani. Alikuwa ananitazama aone nitafanya nini, naye afanye hivyo. Nilivua sweta langu, nikaliweka chini mahali ambapo mtoto ataliona.

"Mwalimu," akasema baadaye, kwa sauti ndogo sana. "Alikuwa anatukimbia sisi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi. Nilivyokuwa namwita."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimeshalitengeneza hilo neno mdomoni, na mtu yeyote mwenye huruma angelisema. Lakini kesho na keshokutwa mvua ingenyesha tena, na mtoto huyu angekimbia tena, na mama angepaza sauti tena.

"Na wewe," nikasema. "Sauti yako ndiyo aliyoisikia zaidi."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nilijiandaa anipige, au alie. Hakufanya hata moja. Alimwangalia mwanawe akipanga magamba, kubwa, dogo, kubwa, dogo.

"Mlikaa siku tatu mle darasani mkifundishana habari za mtoto wangu," akasema. "Nilikuwa napita hapo na jembe begani. Siku zote tatu. Nikawapa shikamoo dirishani, mkaitikia, nikaenda zangu shamba." Akageuza uso akanitazama. "Mbona hamkuniita?"